Chakula cha Jioni cha Wageni kwa Mpishi Anayeanza

Mlo wa jioni wa wageni huanza kupangwa kwa swali moja: kati ya vyakula vinavyofikiriwa, ni vipi vinavyoweza kukaa saa nzima baada ya kuiva vikabaki vizuri? Mchuzi wa kuku hukaa. Maharage hukaa, tena siku ya pili huwa matamu zaidi kwa sababu chumvi na viungo vimepata muda wa kuingia ndani ya punje. Wali hukaa ndani ya hotpoti, au katika sufuria yake iliyofunikwa na kuviringishiwa kitambaa kizito. Samaki wa kukaanga hakai, maana ukavu wake wa juu hulegea ndani ya dakika chache. Chipsi hazikai. Chapati hukaa kidogo, lakini zinadai mkono uliozoea kusukuma, na mkono huo haupatikani kwa wiki moja. Mpishi anayeanza akichagua vyakula viwili vya aina hii ya pili, hubaki amesimama jikoni huku wageni wakizungumza peke yao sebuleni, na hofu aliyoamka nayo asubuhi huzidi kila dakika saa ya kula inapokaribia.

Kanuni ya kushika, basi, ni kwamba katika mlo mzima chakula kimoja tu ndicho kipikwe karibu na saa ya kula. Vingine vyote viwe vimeshaiva, au vimebakiza hatua moja ya mwisho. Mlo unaoelezwa hapa umepangwa hivyo kwa watu sita: wali wa nazi, mchuzi wa kuku wa nazi, maharage ya kuunga, mchicha, kachumbari na matunda. Ni chakula cha pwani ya Afrika Mashariki, kinachojulikana Tanga kama kinavyojulikana Lamu, na hakuna mgeni atakayeona amepunguziwa heshima akipakuliwa. Chakula cha saa ya mwisho hapa ni wali.

Pilau na biriani huvutia kwa sababu ndivyo vyakula vya sherehe, lakini havimfai anayeanza. Katika pilau nyama na mchele huishia sufuria moja. Supu ikizidi, mchele huvurugika na nyama huzama humo humo, na hakuna sehemu inayoweza kuokolewa peke yake. Biriani ina rojo lake, wali wake, vitunguu vyake vya kukaanga, na saa nyingi za kusimama. Vyote viwili visubiri hadi wali wa nazi uwe umezoeleka.

Kabla ya kwenda sokoni

Wageni huulizwa mapema ni vitu gani hawali. Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Linalomvunjia heshima ni kumkalisha mbele ya sinia asiloweza kuligusa. Mwislamu anahitaji kujua kwamba kuku amechinjwa kwa utaratibu wa dini yake, kwa hiyo anunuliwe kwa mchinjaji anayefahamika. Waadventista Wasabato hawali nguruwe, na wengi wao hawali samaki asiye na magamba kama kambale, wala pweza na kamba. Wahindu wengi hawali nyama kabisa. Mwenye presha hupunguziwa chumvi, na chumvi ya ziada huwekwa mezani kwa wengine. La kuulizwa kwa msisitizo ni mzio, hasa wa karanga, kwa kuwa kwa baadhi ya watu karanga kidogo tu iliyosagwa kwenye mboga inaweza kufunga koo. Maharage yamewekwa katika mlo huu kwa makusudi: mgeni asiyekula kuku hupata sahani kamili bila kupikiwa peke yake na bila kueleza sababu.

Kiasi hupimwa kwa kikombe kimoja hicho hicho tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa kikombe ni cha mililita 250. Mtu mzima hutosheka na nusu kikombe cha mchele mbichi, yaani karibu gramu 100, kwa hiyo watu sita wanahitaji vikombe 3. Kuku mmoja wa kilo moja na nusu hukatwa vipande 12, viwili kwa kila mtu. Wageni wakiwa vijana wenye hamu ya kula, afadhali kuongeza mchele na maharage kuliko kuongeza kuku wa pili, kwani sufuria iliyojaa kupita kiasi huchemka taratibu na humchanganya mpishi asiyezoea.

Ni vizuri kuku na wali vipikwe mara moja kwa ajili ya watu wa nyumbani, siku chache kabla ya wageni, kwa sufuria ile ile, jiko lile lile na mchele wa gunia lile lile. Faida kubwa ya jaribio hilo ni kujua mchele unataka maji kiasi gani. Mchele wa Kyela, mchele wa Morogoro, pishori ya Mwea na basmati kutoka Pakistan kila mmoja hunywa maji kwa namna yake, na mchele mpya wa msimu hunywa machache kuliko uliokaa ghalani. Hakuna maelezo ya kitabuni yanayoweza kumaliza jambo hilo. Sufuria ya nyumbani ndiyo inayotoa jibu.

Tui

Nazi mbili kubwa zinatosha mlo huu, moja kwa kuku na moja kwa wali. Maharage na mchicha haviwekwi nazi, kwanza ili mlo usiwe mzito, pili kwa sababu chakula chenye tui huchacha haraka, nayo maharage yanatakiwa kupikwa siku moja kabla.

Nazi nzuri ni nzito mkononi na maji husikika ndani ikitikiswa. Ikivunjwa, maji hayo huonjwa kwanza: yakiwa machungu au yana harufu ya mafuta yaliyokaa, nazi hutupwa, kwa maana hakuna kiungo kitakachoficha harufu hiyo. Nyama ya nazi hukunwa kwa mbuzi, ikamiminiwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, ikakamuliwa kwa nguvu na kuchujwa kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, karibu kikombe kimoja. Machicha yaleyale humiminiwa vikombe viwili vingine na kukamuliwa tena, nalo ni tui jepesi. Mwenye blenda huikata nazi vipande vidogo na kuisaga na maji hayo hayo. Matokeo hayapishani sana. Tui la kopo nalo ni halali kabisa, hasa kwa aliye mbali na pwani. Kopo la mililita 400 hushika nafasi ya nazi moja: kwa kuku, kikombe kimoja cha tui hilo huwekwa kando kama tui zito, na kilichobaki huongezwa maji hadi vikombe viwili.

Jambo linalowatisha wengi ni tui kukatika, yaani mafuta kujitenga na maji na mchuzi kuonekana kama maziwa yaliyoganda vibaya. Tui hukatika likichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa, au likitiwa ndimu kabla ya kuchemka. Dawa yake ni moto wa wastani na mwiko usiotulia: tui zito likishamiminwa, hukorogwa taratibu kwa mwelekeo mmoja, sufuria ikiwa wazi, hadi lichemke na kuendelea kuchemka dakika mbili tatu. Baada ya hapo limetulia. Likikatika licha ya uangalizi, mchuzi haujaharibika. Ladha yake ni ile ile, na wapo wapishi wa pwani wanaochemsha tui makusudi hadi mafuta yaelee.

Mchuzi wa kuku wa nazi

Kuku wa kisasa ndiye anayefaa, kwa kuwa huiva ndani ya dakika 35 hivi na muda wake unatabirika. Kuku wa kienyeji ana ladha nzito zaidi, lakini jogoo aliyekomaa anaweza kudai saa moja na nusu au zaidi, na mpishi hawezi kujua umri wake kwa kumtazama. Kwa siku ya wageni, kutabirika kuna thamani kuliko ladha hiyo.

Vipande vya kuku hupakwa chumvi kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu punje 3 na kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba, vyote vimetwangwa pamoja, na ndimu nusu. Hukaa hivyo nusu saa, au tangu asubuhi kama kuna friji. Ubao na kisu vilivyogusa kuku mbichi huoshwa kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kachumbari iliyokatwa juu ya ubao wa kuku huliwa mbichi, na hapo ndipo wageni wanapougulia tumbo.

Katika sufuria pana, mafuta vijiko vitatu vya chakula hupashwa moto na vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba hukaangwa hadi viwe na rangi ya dhahabu. Kazi hii huchukua dakika kumi kwa moto wa wastani. Ndiyo hatua ambayo anayeanza huikata kwa haraka, na mchuzi hubaki na ladha ya kitunguu kibichi ambayo viungo havitaiondoa. Punje 3 nyingine za kitunguu saumu hutwangwa na kutiwa, zikageuzwa kwa dakika moja. Kisha huingia bizari ya manjano kijiko kimoja cha chai na bizari ya mchuzi kijiko kimoja na nusu. Viungo vya unga huungua upesi, kwa hiyo hugeuzwa kwa nusu dakika tu na nyanya nne zilizosagwa au kukunwa humiminwa mara moja. Nyanya hupikwa bila kufunikwa kwa dakika kumi hadi kumi na mbili. Dalili ya kuiva haipo kwenye saa: mwiko ukipitishwa katikati, rojo halirudi haraka, na mafuta yameanza kujitenga pembeni mwa sufuria. Kabla ya dalili hiyo, mchuzi utakuwa mchachu.

Kuku huingia hapo, akageuzwageuzwa dakika tano hadi weupe utande nje. Tui jepesi humiminwa, chumvi nusu kijiko huongezwa, na sufuria hufunikwa ichemke kwa moto mdogo dakika 30. Paja ndilo hupimwa: likichomwa kisu karibu na mfupa, maji yatoke meupe safi bila wekundu, na nyama ianze kuachana na mfupa. Mwenye kipimajoto cha jikoni hutafuta nyuzi 74 za Selsiasi ndani ya sehemu nene. Hapa mchuzi unaweza kuondolewa motoni na kusubiri umefunikwa. Tui zito hutiwa baadaye, mchuzi unapochemshwa upya kwa ajili ya kula, likakorogwa kama ilivyoelezwa na kuiva dakika nane. Ndimu nusu iliyobaki hukamuliwa mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, pamoja na majani ya giligilani yakipatikana.

Pilipili haichanganywi humo. Mgeni mmoja asiyekula pilipili anatosha kuufanya mchuzi mzima usifae, na pilipili ya kukatwa au ya kusaga inaweza kukaa mezani kwenye kibakuli chake.

Wali wa nazi

Mchele vikombe 3 huchaguliwa mawe, ukaoshwa mara tatu au nne hadi maji yakaribie kuwa meupe, ukalowekwa dakika 20 na kuchujwa. Kuosha huondoa wanga wa juu, ambao ndio gundi inayoshikanisha punje. Nazi ya pili hukamuliwa yote na tui lake kuongezwa maji hadi vikombe 5, au vikombe 4 na nusu kama mchele ni mpya. Tui hili hutiwa chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai na kuletwa kwenye mchemko huku likikorogwa. Kisha huonjwa: liwe na chumvi kuzidi kidogo inayopendeza ulimi, kwa sababu mchele utainywa.

Mchele humiminwa, ukakorogwa mara moja tu ili usishike chini, na mfuniko huwekwa ukiwa umeachwa wazi kidogo. Kwa moto wa wastani maji hupungua hadi yalingane na mchele na vishimo vidogo vitokee juu yake. Ni dakika kumi hivi. Kuanzia hapo mwiko hauingii tena. Moto hupunguzwa hadi wa chini kabisa, sufuria ikafunikwa sawasawa, na kwenye jiko la mkaa makaa mengi huondolewa chini na machache kuwekwa juu ya mfuniko. Kwenye jiko la gesi, ambalo moto wake hupiga sehemu moja, chuma cha kupikia chapati huwekwa chini ya sufuria ili joto lisambae. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Sufuria huzimiwa moto na kuachwa imefunikwa dakika kumi nyingine, kipindi ambacho mvuke hulingana kati ya punje za chini na za juu. Wali huchotwa kuanzia pembeni kwa mwiko bapa, bila kupondwa.

Anayeanza huharibu wali kwa kufunua mara kwa mara kuliko kwa kosa lingine lolote. Kila mfuniko ukifunguliwa, mvuke unaoivisha sehemu ya juu hutoka, na mpishi akiona juu kuna punje ngumu huongeza maji ambayo huishia chini. Subira ya dakika 15 ndiyo kazi yenyewe.

Maharage ya kuunga

Vikombe viwili vya maharage huchaguliwa na kulowekwa saa nane au usiku kucha. Maji ya kulowekea humwagwa. Maharage huchemshwa kwa maji mapya, kwanza kwa moto mkali dakika kumi kamili, kwa kuwa maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali na si kwa joto la chini. Kisha moto hupunguzwa na yakaendelea saa moja hadi saa moja na nusu, hadi punje iliyobanywa kwa vidole viwili ipondeke bila kupinga. Ndimu na nyanya haziingii kabla ya hapo, maana uchachu huzuia ngozi ya maharage kulainika.

Kitunguu kimoja, karoti moja iliyokunwa, nyanya mbili na nusu ya pilipili hoho hukaangwa vizuri, maharage yakatiwa na supu yake, chumvi ikawekwa, yakachemka pamoja dakika 15. Upawa mmoja wa maharage ukipondwa na kurudishwa, mchuzi huwa mzito bila unga. Yakipoa huwekwa kwenye friji hadi kesho yake. Pasipo na friji, yapikwe siku ile ile asubuhi na kuchemshwa tena kabla ya kuliwa.

Mchicha na kachumbari

Mchicha hupungua sana motoni: mafungu manne au matano makubwa ndiyo yanayotosha watu sita. Huoshwa katika beseni lenye maji mengi, majani yakinyanyuliwa na mchanga ukiachwa chini, mara tatu, kwa maana mchanga kwenye meno husahaulisha uzuri wote wa mlo. Kitunguu na nyanya moja hukaangwa, mchicha huingia bila maji ya ziada, na baada ya dakika tano hadi saba umeiva. Ukifunikwa muda mrefu hupoteza ukijani wake.

Kachumbari ni vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba, vikasuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue, nyanya nne ngumu na ndimu moja. Vyote hukatwa mapema vikakaa mbalimbali, lakini chumvi na ndimu hutiwa wageni wakiwa wanakaribishwa mezani, la sivyo nyanya hutoa maji na bakuli hujaa mchuzi.

Matunda hayahitaji maelezo: embe katika msimu wake, papai au nanasi, yakatwe na kufunikwa. Anayetaka kitu cha kupika huchukua ndizi mbivu sita za aina ya mzuzu, akazikata vipande na kuzichemsha katika kikombe kimoja cha tui jepesi lenye sukari vijiko vitatu vya chakula na iliki iliyotwangwa, dakika 15, kisha akatia nusu kikombe cha tui zito na kukoroga dakika tano. Nazi ya tatu itahitajika.

Samaki badala ya kuku

Kwa aliye karibu na mnada wa samaki, samaki wa kupaka hukubaliana na kanuni ya mlo huu vizuri kuliko samaki yeyote mwingine, kwa kuwa kazi yake hugawanyika. Vipande sita vya nguru au kolekole, vyenye unene wa sentimita mbili na nusu, hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi kwa nusu saa, vikachomwa juu ya makaa au ndani ya ovena, dakika tano hadi saba kila upande. Wakati huo vikombe viwili vya tui zito huchemshwa na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu na chumvi, vikikorogwa hadi rojo lishikamane na mgongo wa kijiko, ndipo ukwaju uliokamuliwa hutiwa kwa kuonja. Rojo na samaki husubiri kila kimoja peke yake. Saa ya kula ikikaribia, samaki hupangwa kwenye trei, rojo likamiminwa juu, na trei likaingia ovenini au juu ya makaa dakika kumi.

Samaki mbichi mzuri ana jicho angavu lililojaa, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ikibonyezwa. Nguru, jodari na vibua hawavumilii kukaa juani. Nyama yao ikipata joto baada ya kufa hujitengenezea histamini, na kemikali hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mlaji huwashwa, uso ukamvimba na kichwa kikamuuma muda mfupi baada ya kula. Samaki wa aina hiyo wanunuliwe asubuhi, wabebwe na barafu, na pasipo barafu waachwe, apikwe kuku.

Mpangilio wa saa

Wageni wakialikwa saa moja na nusu usiku na chakula kikipangwa saa mbili, hesabu hurudi nyuma. Maharage yamelowekwa asubuhi ya siku iliyotangulia na kupikwa jioni yake. Siku yenyewe, kuku na mboga hununuliwa asubuhi. Alasiri nazi hukunwa na tui hukamuliwa. Likikaa zaidi ya saa mbili, liwe kwenye friji. Mchicha huoshwa na kuachwa ujichuje, matunda hukatwa. Saa kumi na moja jioni vitunguu vya mchuzi huingia kwenye mafuta, na saa kumi na mbili na robo kuku ameiva, akisubiri tui zito. Jiko hufagiwa, vyombo huoshwa, meza huandaliwa, na mpishi huoga. Saa hii ya katikati isijazwe kazi nyingine. Imewekwa ili kuchelewa kwa jambo lolote kusifike hadi mezani.

Saa moja kamili mchele hulowekwa na tui la wali hupashwa. Saa moja na nusu, wageni wakikaribishwa kwa juisi ya ukwaju au ya embe, wali uko kwenye moto mdogo na hautaki kuguswa. Mpishi ana nafasi ya kukaa na wageni. Saa mbili kasoro dakika ishirini hurudi jikoni kumalizia mchuzi kwa tui zito, kupasha maharage na kuivisha mchicha. Mwenye jiko moja tu hutanguliza wali kwa nusu saa, akauviringisha kitambaa, kisha akaendelea na mengine kwa zamu.

Mambo yakiharibika

Wali mbichi juu hunyunyiziwa robo kikombe cha maji ya moto, ukafunikwa kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko na kuachwa kwa moto mdogo dakika kumi. Wali uliolowa hutandazwa kwenye sinia pana mvuke utoke. Ulioungua chini hauchanganywi: wa juu huhamishiwa sufuria nyingine na ukoko ukaachwa ulipo. Mchuzi uliozidi chumvi huongezwa tui au maji na nyanya. Kiazi kinachotumbukizwa hunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, hivyo hakipunguzi ukali wa kilichobaki. Mchuzi mwepesi huachwa uchemke bila mfuniko, kuku akiwa ametolewa kwanza ili asipondeke. Mchuzi ulioungua hauna tiba, na hapo maharage ndiyo huwa kitoweo, bila maelezo marefu kwa wageni.

Kupakua na masalio

Maji ya kunawa hupitishwa kwanza. Wali huletwa kwenye sinia au hotpoti, mchuzi na maharage kwenye mabakuli yenye pawa zake, kila mgeni akajipakulia kiasi chake. Wanaokula kwa mkono wasipewe vijiko kwa lazima, na wanaotaka vijiko wavikute mezani.

Chakula kilichobaki huhifadhiwa ndani ya saa mbili tangu kuiva au kutolewa motoni. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mbegu za bakteria wake hustahimili kupikwa, na katika joto la usiku wa pwani huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Hutandazwa kwenye chombo kipana upoe upesi, ukaingia kwenye friji, ukaliwa kesho yake. Mchuzi wa nazi huchemshwa hadi utokote kabla ya kuliwa tena, mara moja tu. Pasipo na friji, chakula hicho hugawiwa wageni wakiondoka, au majirani, usiku ule ule.